Vyuo vikuu vyetu vinatuzalia maanketeri, watafiti wanatoka kwingine

GOMA – Kila mwaka mji wetu unaona sherehe za kutoa diplome. Toga nyeusi, fanfare, unga mweupe kichwani, wazazi ndani ya kitenge cha namna moja, wamotari wanapiga honi mpaka Birere. Ni furaha ya haki, wala siichukii. Lakini tujiulize: Jumatatu inayofuata, yule kijana wa toga yuko wapi? Kama ana bahati, shirika moja limemwita afanye anketi siku tano. Anapewa simu yenye programu ya Kobo, jile, feza ya usafiri, na maswali ambayo mtu mwingine aliyaandika mbali na hapa. Anamuuliza mama aliyekimbia Masisi familia yake inakula mara ngapi kwa siku. Anabonyeza, anatuma. Jibu linaenda zake, na yeye anarudi nyumbani kungojea anketi nyingine.

Tuelewane vizuri. Kazi ya anketeri ni kazi ya heshima. Inalisha nyumba nyingi hapa Goma, na vilevile Bukavu, Bunia na Butembo. Ubaya ni kwamba kijana huyo amesoma miaka mitatu au mitano, na hakuna siku hata moja ambayo chuo kilimfundisha kutunga swali lake mwenyewe, kulitafutia jibu na kulitetea mbele ya watu. Kwa hiyo ninasema wazi: vyuo vikuu vyetu vinawamaliza wanafunzi, haviwatayarishi kuendelea. Na kuendelea, maana yake masta na kisha doktora, si anasa tena.

Wazazi wengi bado wanahesabu kwa namna ya zamani: gradua miaka 3, lisansi miaka 2, basi, mtoto amemaliza. Hesabu hiyo imebadilika. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mpango wa LMD, yaani lisansi, masta, doktora, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ilianza kuueneza katika vyuo vya inchi nzima. Sasa lisansi ni miaka 3, kredi 180. Masta ni miaka 2, kredi 120. Doktora inafuata. Chukueni kalamu muhesabu wenyewe: isipokuwa masomo kama ya udaktari ambayo ni marefu zaidi, mtoto anayesimama kwenye lisansi ya leo amekaa darasani miaka ileile ya gradua ya jana. Jina la diplome limepanda, miaka imeshuka. Ile miaka miwili ya mwisho ambayo baba zetu waliiita lisansi, leo inaitwa masta. Anayesema kwamba masta ni ya watu wakubwa anawaambia watoto wetu wasimame katikati ya ngazi.

Sasa tusikilize visingizio, maana viko vingi.

Cha kwanza: «Masta ni ya watoto wa matajiri.» Lakini mtoto wa tajiri hahitaji chuo kimtayarishe. Baba yake atamlipia Kampala, Kigali au Ulaya, na akishindwa mara ya kwanza atamlipia tena. Mtoto wa mama anayeuza makala Virunga ana njia moja tu, nayo ni bursi. Bursi haiulizi baba yako anaitwa nani. Inauliza karatasi za pointi za kila mwaka, barua za waalimu wawili au watatu wanaokujua kwa kweli, barua ambamo unaeleza unataka kutafuta nini na kwa sababu gani, mara nyingi pendekezo la utafiti la kurasa chache, na mtihani wa lugha. Vitu hivyo havipatikani kwa wiki mbili mbele ya tarehe ya mwisho. Vinajengwa kwa miaka mitatu. Chuo kinachongoja mpaka mwisho ndipo kimwambie kijana «ujitafutie» kimekwisha kuchagua nani atapita, na kimemchagua mtoto wa tajiri.

Tuangalie vitu hivyo kimoja kimoja.

Swali la utafiti. Kila mwanafunzi anaandika kazi ya kumaliza masomo, ile TFC tunayoijua sote. Lakini kila mtu mjini anajua pia kwamba TFC inauzwa. Pita kwenye sekretaria za kopi karibu na vyuo, utasikia bei. Kichwa kinabadilishwa, jina la mtaa linabadilishwa, mwaka unabadilishwa, na kazi iliyoandikwa juu ya soko moja inazaliwa upya juu ya soko lingine. Mwongozaji wa kazi amepewa wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kusoma, kwa hiyo anasoma utangulizi na hitimisho, anatia sahihi. Mwanafunzi anatetea kwa dakika kumi, unga unamwagwa. Tunamkasirikia kijana kwamba ni mwizi. Ndiyo, ameiba. Lakini nani alimfundisha kufanya kingine? Somo la namna ya kufanya utafiti alilipata katika silabusi ya kununua, akaikariri kwa ajili ya mtihani, akaisahau.

Kusoma. Kuna wanafunzi wengi wanaomaliza lisansi bila kusoma makala moja ya kisayansi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Watasema vitabu hakuna, maktaba ni tupu. Ni kweli nusu. Tangu 2002 Shirika la Afya Ulimwenguni lilianzisha Hinari, na leo iko ndani ya mpango unaoitwa Research4Life, ambao unafungulia vyuo vya inchi maskini maelfu ya majarida ya afya, kilimo, mazingira na sheria. Congo ni kati ya inchi ambazo vyuo vyake havilipi hata franka moja. Kinachotakiwa ni chuo kujiandikisha, kuweka mtu mmoja anayeshughulikia neno la siri, na kuwafundisha wanafunzi kulitumia. Muulizeni mwanafunzi wa kwenu kama amewahi kusikia jina hilo. Kijana anayenunua mega za kuangalia mpira usiku anaweza kununua mega za kusoma makala moja kwa juma, kama kuna mwalimu atakayemuuliza siku ya Jumatatu alisoma nini.

Barua ya mwalimu. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Profesa mgeni anakuja, anafundisha saa zote za kozi kwa juma moja, asubuhi mpaka jioni, anauliza mtihani, anarudi alikotoka. Ataandikaje barua juu ya kijana aliyekuwa kichwa kimoja kati ya vichwa mia tatu? Na wale waliobaki hapa, wengine wanaona barua ni zawadi wanayompa mtoto wa rafiki, au kitu cha kulipiwa soda. Hapana. Mwalimu akiandika barua ya ukweli juu ya mwanafunzi wake, anafanya kazi yake, sawa na kusahihisha mtihani.

Lugha. Tarehe 29 Machi 2022 Congo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi wa 7 mwaka uleule ikawa mwanachama kamili. Masta iliyo karibu nasi kwa barabara iko Makerere, Nairobi, Dar es Salaam, Kigali. Huko kote darasani ni Kiingereza. Sisi bado tunatoa Kiingereza kama kozi ya pembeni: orodha ya vitenzi, mtihani, kwisha. Kijana anajua kukamilisha sentensi yenye nafasi tupu, lakini hawezi kuandika ukurasa mmoja juu ya kazi yake mwenyewe.

Na karatasi. Hii inanikasirisha kuliko zote, kwa sababu haihitaji sayansi wala msaada wa kutoka inje. Mtu amemaliza, na miaka inapita anatembea na atestasi tu, diplome yenyewe haijatoka. Anaomba karatasi ya pointi ya mwaka wa pili, anaambiwa arudi kesho, kisha kesho kutwa, kisha anaelewa kwamba «kesho» ina bei. Bursi ina tarehe ya mwisho. Ofisi yenye kucheza na tarehe hiyo inafunga mlango wa maisha ya mtu kwa sababu ya bia mbili.

Kisingizio cha pili: «Tuko vitani. Watu wanatafuta unga, wewe unaongea masta.» Ninajua tuko vitani. Nimetangaza hesabu za wahami mara nyingi kuliko nilivyotangaza matokeo ya mitihani. Mwanzo wa 2025 mabenki ya Goma yalifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, kambi za kandokando ya mji zikabomolewa, watu wakapanda barabara wakiwa na vyombo kichwani. Lakini ni vita hiyohiyo inayofanya jambo hili liwe la haraka. Kati ya familia zilizokimbia Rutshuru, Masisi, Nyiragongo na Kalehe kuna wanafunzi. Diplome ya serikali imeungua ndani ya nyumba. Karatasi za pointi zimebaki ndani ya sanduku ambalo hakuna anayejua kama bado lipo. Chuo alikoanza masomo kiko upande mmoja wa mstari wa vita, yeye yuko upande mwingine.

Wazazi muelewe pia tofauti moja ambayo wengi hawaambiwi. Mkimbizi aliyevuka mpaka, yule wa Nakivale kule Uganda au Nyarugusu kule Tanzania, ana mlango unaoitwa DAFI, bursi ya HCR iliyoanza 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Mlango huo ni mwembamba, lakini upo. Nayo ni ya masomo ya kwanza ya chuo kikuu, si ya masta. Wewe uliyekimbia ndani ya inchi yako mwenyewe, uliyetoka Kitshanga ukalala Goma, haumo katika hesabu hiyo. Mlinzi wako wa masomo ni chuo chako na serikali yako. Wao wakilala, hakuna mwingine atakayeamka.

Kisingizio cha tatu kinasemwa kwa sauti ya chini, na wazee wenye akili: «Tukiwatayarisha, wataenda na hawatarudi.» Kuna ukweli ndani yake. Wengine hawatarudi. Lakini hata wasiotayarishwa wanaenda: wanaenda kubeba mizigo Kampala, wanaenda kuchimba Rubaya, wanaenda kushika bunduki. Tofauti ni kwamba hao hawarudi na kitu.

Tazameni waliorudi. Profesa Jean-Jacques Muyembe alimaliza udaktari hapa kwetu, Lovanium, mwaka 1969. Akaenda Ubelgiji, Leuven, akapata doktora yake juu ya virusi mwaka 1973. Akarudi. Miaka mitatu baadaye ugonjwa usiojulikana ukatokea Yambuku, na Mkongomani aliyefika pale kuchukua damu ya wagonjwa alikuwa yeye. Ugonjwa huo ndio Ebola. Ilipoingia kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200. Na dawa mbili zilizoonekana kuokoa watu zilijaribiwa hapahapa, Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Moja kati ya hizo ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, na Muyembe alikuwa kati ya watu walioifuata njia hiyo. Daktari Mukwege, tunayemjua sote, alisomea udaktari Bujumbura, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera. Doktora yake aliipata Bruxelles mwaka 2015, akiwa na miaka 60, huku Panzi ikiwa imejaa wagonjwa. Mtu wa miaka 60 mwenye kazi kama ile aliona bado inafaa kuandika utafiti wake na kuutetea. Na sisi tunamwambia kijana wa miaka 23 kwamba lisansi inatosha?

Maana hapa kwetu maswali hayaishi. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka. Moto ukashuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, wengi wakakimbilia Sake. Msaada wa Benki ya Dunia kwa ile ofisi yetu ya kuangalia volkano ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia. Chini ya ziwa Kivu kuna gesi. Mashamba ya Masisi yana ugomvi wa umri wa babu zetu. Maji ya kunywa, kipindupindu, mihogo inayooza, wanawake waliobakwa, watoto wasiosoma: kila kimoja ni swali la masta, na kila kimoja kinahitaji mtu anayejua Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kishi au Kihema, anayejua njia, na anayejua pia hesabu na kuandika. Mgeni ana hesabu na kuandika. Kijana wetu ana lugha na njia. Kwa sasa mgeni ndiye mwenye swali, na kijana wetu ndiye anayemshikia tochi. Miaka michache iliyopita watafiti wa Bukavu walilalamika juu ya jambo hili katika mfululizo wa makala zilizoitwa Bukavu Series: wao wanaingia kwenye hatari, wanaleta habari, na jina linaloandikwa juu ya kitabu ni la mwingine. Walikuwa na haki. Ila dawa ya malalamiko hayo inaanzia mwaka wa kwanza wa lisansi.

Sasa madai. Ninayaandika kwa hesabu ndogo, ili mtu asiseme feza hakuna.

Kwa wakubwa wa vyuo. Mwaka wa kwanza, kila mwanafunzi asome makala moja kwa mwezi, aieleze kwa mdomo mbele ya wenzake. Mwaka wa pili, aandike kurasa tano juu ya swali lake mwenyewe la mtaani: bei ya kidumu cha maji Ndosho na Majengo, au kwa nini watoto wa wahami wanaacha shule moja na si nyingine. Mwaka wa tatu, TFC ijengwe juu ya kurasa hizo tano, ili anayenunua kazi aonekane mara moja, kwa sababu mwaka jana hakuandika kitu kinachofanana nayo. Mwisho wa kila mwaka, karatasi ya pointi yenye sahihi na muhuri itumwe kwa kila mwanafunzi kwa imeili, bila kuombwa. Na aliyepoteza karatasi kwa vita apewe nyingine bure, kwa kuangalia daftari la chuo. Daftari lenyewe lipigwe picha na kuwekwa mahali pa pili, kabla risasi hazijafika hapo pia.

Kwa maprofesa na maasistanti. Mchague kila mwaka saa moja ya juma ambamo mlango uko wazi. Andikeni barua bila malipo. Na ninyi maasistanti, ambao wengi wenu mmezeeka kwenye cheo hicho kwa kukosa masta na doktora, mnajua uchungu huu kuliko mtu yeyote. Msiwapitishie wadogo zenu.

Kwa mashirika na watafiti wageni. Mnapowachukua vijana wetu kwa anketi, andikeni majina yao ndani ya ripoti. Wapeni karatasi inayoeleza walifanya nini. Ongezeni siku moja ya kuwaonyesha majibu yanahesabiwaje baada ya kutumwa. Ruhusuni mwanafunzi atumie sehemu ya majibu hayo kwa kazi yake ya chuo, majina ya watu yakiwa yamefichwa. Kobo ilianzishwa na watafiti, na kijana anayeijaza kila mwezi anaweza kufundishwa kwa siku moja kutengeneza fomu yake mwenyewe.

Kwa wazazi, hasa ninyi mlio katika familia za kupokelewa na katika kambi. Leo, si kesho, pigeni picha kila karatasi ya shule ya watoto wenu: diplome ya serikali, buletini, atestasi, kadi ya kuzaliwa. Picha hizo zitumwe kwenye imeili ya mtoto na kwa ndugu mmoja aliye mji mwingine. Simu inaweza kuibiwa njiani, imeili haibebwi mgongoni. Na kama kuna mtoto wa kike anayeshika masomo kuliko kaka yake, feza ndogo iliyopo isiende kwa kaka kwa sababu tu ni mwanaume.

Kwa wanafunzi. Acheni kungoja. Tafuteni wenzenu watatu, msome makala moja kila Jumamosi, mbishane. Andikeni ukurasa kwa Kifaransa, kisha mwingine kwa Kiingereza, hata kama una makosa. Mtu anayekuuzia TFC anakuuzia pia miaka kumi ya kuwa anketeri.

Na ninyi wasikilizaji wote, mkikutana juma hili na mkubwa wa chuo, kanisani, msikitini au kwenye matanga, msimuulize habari za majengo mapya. Muulizeni swali moja tu: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasoma makala ngapi kabla mwaka huu wa masomo haujaisha? Kama hana jibu, mtakuwa mmejua tatizo liko wapi.